Makasri ya Ubelgiji katika albamu ya Goma

Kasri la Belœil liko Hainaut, magharibi mwa Ubelgiji, nalo limekuwa mikononi mwa ukoo wa de Ligne tangu karne ya 14. Kwenye postikadi za mwanzoni mwa karne iliyopita huonekana limezungukwa na maji, mapaa yake yakijitazama ndani ya bwawa, na nyuma yake bustani iliyonyooshwa kwa kamba hadi macho yanapokoma. Kadi hizi ni nyingi, bei yake ni ya chini, na wakusanyaji wa Ulaya huzipanga pamoja na zile za ngome za mto Rhine na za makasri ya bonde la Loire. Mtu wa Goma akioneshwa kadi hiyo ana haki ya kuuliza inamhusu nini. Inamhusu kwa karibu. Katika miaka ya 1920, Eugène de Ligne, mtoto wa ukoo huo huo, alianzisha Kivu kampuni ya mashamba iliyoitwa Linea, na kitabu chake kuhusu Afrika, kilichotoka mwaka 1961 baada ya kifo chake, kinazitaja volkeno za Kivu hata kwenye jina lake. Kati ya maji yale ya Hainaut na udongo mweusi wa huku kwetu kuna njia iliyopitiwa na watu, fedha na mazao. Ndiyo maana nasema kwamba postikadi ya zamani ya kasri la Ulaya, na la Ubelgiji hasa, ni karatasi ya historia ya Kongo, na inastahili kukusanywa na kusomwa hapa Goma, isiachiwe tu wale wanaoiona kuwa pambo.

Postikadi si chombo cha kale sana. Ya kwanza ilitolewa na posta ya Austria tarehe 1 Oktoba 1869, nayo haikuwa na picha yoyote. Umoja wa Posta Duniani ulianzishwa Bern mwaka 1874, na Dola Huru ya Kongo, ile iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II peke yake, ikajiunga nao mwaka 1886. Kufikia mwaka 1900 kadi za picha zilikuwa zimeenea Ulaya nzima. Kuanzia hapo hadi vita vya 1914 watu walizituma na kuzikusanya kwa wingi ambao haujaonekana tena. Ni miaka ile ile ambayo Leopold alikuwa akijenga bila kupumzika. Huko Laeken alikuwa na nyumba kubwa za vioo za kukuzia mimea, kazi ya Alphonse Balat, na mojawapo iliitwa kwa jina la Kongo. Charles Girault, msanifu wa Kifaransa, akapanua kasri la Laeken lenyewe, akasimamisha Brussels tao la Cinquantenaire lililozinduliwa mwaka 1905, kisha akajenga jumba la makumbusho la Tervuren lililofunguliwa mwaka 1910, miezi michache baada ya mfalme kufa. Kila jengo kati ya haya lilipigwa picha, likachapwa kwenye kadi na kutumwa huku na huko na watu waliotaka tu kusalimia shangazi zao.

Fedha za majengo hayo hazikuwa siri kwa mtu aliyetaka kujua. Mwaka 1896 Leopold alijitengea eneo lililoitwa Milki ya Taji, kuzunguka ziwa lililobeba jina lake na ambalo leo tunaliita Mai-Ndombe. Lilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko Ubelgiji yenyewe, na mapato yake, yaani mpira uliochumwa msituni kwa shuruti, yaliingia kwenye mfuko wake wa ujenzi. Bunge la Ubelgiji lilipoichukua Kongo kutoka kwake mwaka 1908, lilikubali katika hesabu zile zile kutenga faranga milioni 45.5 za kumalizia majengo aliyoyaanzisha, na kumpa yeye mwenyewe milioni 50 kama shukrani kwa alichoifanyia Kongo. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitarajiwa itoke Kongo kwenyewe. Kwa hiyo mtu anayeshika kadi ya Laeken au ya tao la Cinquantenaire ameshika picha ya kitu ambacho mababu wa Wakongo walikilipia, na wengine wao walikilipia kwa mikono yao iliyokatwa. Tarehe 14 Mei 1904, mmisionari wa Kiingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha huko Baringa mtu aitwaye Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vyote vilivyobaki vya mtoto huyo. Tao la Girault lilizinduliwa mwaka uliofuata. Kuziweka picha hizi mbili kwenye ukurasa mmoja wa albamu si uchochezi. Ni kuzipanga kwa tarehe.

Uhusiano huo unaonekana hata kwa wachapishaji. Nels, jina kubwa la postikadi mjini Brussels, lilitoa kadi za miji na makasri ya Ubelgiji kwa mamia, na likatoa pia mfululizo wa kadi za Kongo. Karatasi ni ile ile na mpangilio wa maandishi hautofautiani sana, lakini soma kilichoandikwa chini ya picha. Kasri hutajwa kwa jina lake, mara nyingi pamoja na kijiji chake na hata upande picha ilikopigiwa. Kadi ya Kongo ikionesha mto au kituo cha serikali, nayo hupewa jina. Ikionesha mtu, jina linatoweka: inaandikwa kwamba huyu ni mfano wa kabila fulani, au mwanamke wa mahali fulani, au wapagazi. Jiwe la Ubelgiji lina jina, binadamu wa Kongo hana. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu wa jinsi dola ile ilivyopanga thamani ya vitu, na hauonekani ukitazama kadi za Kongo peke yake. Ni lazima ile ya kasri iwe kando yake. Hapo ndipo mkusanyaji wa Goma anapoweza kufanya kazi ambayo mwenzake wa Ulaya hana sababu ya kuifanya, kwa kuwa mwenzake kwa kawaida hukusanya ama makasri ama makoloni, kila fungu na sanduku lake.

Kuna watakaosema kwamba mpira ulichumwa Equateur na Mai-Ndombe, mbali na huku, na kwamba Kivu haikuwa kitovu cha unyama ule. Ni kweli, na haifai kuukwepa ukweli huo kwa kuchanganya majimbo yote kwenye chungu kimoja. Mpaka wetu na Wajerumani waliokuwa Gisenyi ulikubaliwa kwenye mkutano wa Brussels mwaka 1910 tu, wakati Leopold ameshazikwa. Lakini Kivu ilikuja kulipa kwa njia nyingine, na hiyo nayo imeandikwa kwenye kadi. Mwaka 1912 posta ya Kongo ya Kibelgiji ilianza kutoa kadi zake zenye stempu iliyochapwa tayari na picha ya nchi. Wabelgiji walipoingia Rwanda na Burundi mwaka 1916, kadi hizo hizo zilipigwa chapa ya juu, kwa Kifaransa na Kiholanzi, kutangaza kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Wajerumani chini ya Wabelgiji. Baada ya vita zikaja hatua za ardhi. Mwaka 1925 ilitangazwa Hifadhi ya Albert, ambayo tangu 1969 inaitwa Virunga. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, yenye mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi, na mashamba ya kahawa na kwinini yakatapakaa. Linea ni mtoto wa kipindi hicho. Mtu anayejiuliza leo kwa nini suala la ardhi Masisi na Rutshuru lina mizizi mirefu kiasi hiki, sehemu ya jibu ataipata kwa kufuatilia nani aligawiwa nini katika miaka ile, na baadhi ya waliogawiwa walitoka kwenye nyumba zenye minara, ambazo kadi zake zipo sokoni mpaka leo. Hata hifadhi yenyewe haijakatika na historia hiyo: Emmanuel de Merode, aliyeteuliwa kuiongoza mwaka 2008 na akapigwa risasi njiani akirudi kwenye makao ya hifadhi Rumangabo mwaka 2014, ni wa ukoo wa Merode, wenye kasri la Westerlo. Simtaji kumlaumu. Namtaja kwa sababu jina la kasri na jina la milima yetu bado yanakutana.

Na haki itendeke pande zote. Katika vita vya pili vya dunia, Eugène de Ligne huyo huyo na mkewe waliwaficha watoto wa Kiyahudi Belœil, na kwa hilo wanakumbukwa rasmi miongoni mwa waliookoa Wayahudi. Mkusanyaji makini ataandika mambo yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Albamu inayotafuta wabaya tu haina faida kubwa kuliko ile inayotafuta uzuri tu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba postikadi inadanganya. Ilitengenezwa iuzwe, hivyo inachagua siku ya jua, inafuta nguzo za simu, inapaka rangi anga ambalo mpiga picha aliliona la kijivu. Kadi za sanaa ndizo zilizozidi. Kampuni ya Raphael Tuck ya London, kwa mfululizo wake uitwao Oilette ulioanza mwaka 1903, ilizifanya ngome ngapi zionekane kama michoro ya rangi ya mafuta, mpaka alama za burashi zikaigizwa kwenye chapa! Sikatai. Ila nyaraka karibu zote zina mtu aliyetaka tuamini jambo fulani; anayezisoma hutafuta kile ambacho mtu huyo hakukusudia kukisema. Chukua kioo cha kukuzia uitazame kadi kwa karibu. Kadi ya picha halisi, iliyotoka kwenye chumba cha giza cha mpiga picha, haina vitone; vivuli vinaungana taratibu, na baada ya miaka mingi sehemu zake nyeusi hung'aa kama fedha ukiiinamisha kwenye mwanga. Iliyopigwa chapa kwa wingi baadaye huonesha vitone vilivyopangwa kwa mistari. Kati ya hizo mbili iko ya zamani ya Brussels, yenye chembechembe ndogo zisizo na mpangilio, kama ngozi iliyokauka. Kwa dakika moja tu umeshajua kama mbele yako una kazi ya mpiga picha mmoja wa mjini au bidhaa ya kiwanda, na hiyo ni habari ambayo mtengenezaji wa kadi hakudhani anakuachia.

Kisha igeuze. Mgongo wa kadi, ambao wauzaji wengi hawaupigi picha, mara nyingi una thamani kubwa kuliko uso wake. Kadi za mwanzo ziliruhusu anwani tu upande huo, ndiyo maana salamu hubanwa pembeni mwa picha. Mstari unaogawa mgongo mara mbili ulikubaliwa Uingereza mwaka 1902, na nchi nyingine zikafuata ndani ya miaka michache, kwa hiyo kadi isiyo na mstari huo kwa kawaida ni ya kabla ya hapo. Mhuri wa posta na majina ya miji husaidia vilevile. Bukavu iliitwa Costermansville kuanzia 1927 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hivyo kadi ya kasri la Ardennes iliyoandikiwa mtu wa Costermansville imejipa tarehe yenyewe, hata kama mhuri umefutika. Na kadi ya namna hiyo ndiyo hazina ninayomtakia kila anayeanza: picha ya Ubelgiji, stempu ya Ubelgiji, anwani ya Kivu. Ilipanda meli Antwerp na ikafika kwa mlowezi aliyekuwa akingoja habari za nyumbani pembeni mwa ziwa letu. Mara nyingi ujumbe wake ni mfupi na wa kawaida kabisa, mvua imenyesha, mama hajambo, bei ya kahawa je? Neno hilo la mwisho ndilo mwanahistoria atakalolipigia mstari.

Kwamba postikadi inaweza kuaminiwa kama ushahidi, hata na mafundi, pwani ya Waswahili inatoa mfano. Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar lilijengwa mwaka 1883. Mizinga ya Waingereza ilipopiga mwaka 1896, mnara uliosimama mbele yake uliharibiwa, na saa ikaja kujengewa mnara mwingine kwenye uso wa jumba lenyewe. Kwa hiyo picha yoyote inayoonesha mnara uliojitenga ni ya kabla ya mizinga, na nyingi kati ya postikadi za Unguja, zikiwemo za studio ya A. C. Gomes, zinaonesha sura ya baadaye. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jengo la aina hiyo likianguka, anayetaka kujua nguzo zilikaaje na roshani zilikuwa na urembo gani hurudi kwenye picha za zamani, na kadi ndizo zilizosambaa kwa wingi. Wabelgiji nao wana mfano wao. Kasri la Kifalme la Ardenne, karibu na Houyet, ambalo Leopold alilifanya hoteli ya matajiri, lilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960. Vyumba vyake vya kulia, ngazi zake na lawni zake vimebaki kwenye kadi ambazo wageni walizituma bila kufikiri.

Goma inalielewa jambo hili kuliko miji mingi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika mitaa ya biashara na kanisa kuu la Saint-Joseph; Mei 2021 ikashuka tena kaskazini mwa mji. Nyumba ikiungua, albamu ya familia haibaki. Matokeo yake ni kwamba picha nyingi za Goma ya zamani zimesalimika kwenye masanduku ya Ulaya, kwenye kadi ambazo walowezi walizituma kwao, na mara nyingi sanduku moja linabeba Goma na kasri la kijiji cha mwenyewe kwa pamoja. Anayezinunua za Goma na kuziacha za kasri amelivunja fungu. Hatajua tena aliyezituma alitoka wapi, alikuwa mtu wa hali gani, na alilinganisha ziwa letu na nini.

Wapo wanaoona haya yote ni anasa isiyo na aibu. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoutwaa mji, benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukasimama, na watu wanatafuta unga wa siku hiyo. Nani azungumzie makasri? Ninaiheshimu hoja hii kuliko zote, na sitamwambia mama wa mtaa wa Majengo au wa Birere kwamba kadi ni haja yake ya leo. Ninachosema ni kwamba gharama si ile watu wanayoidhani na kazi hii haihitaji kufanywa na mwenye njaa. Kadi ya kawaida ya kasri la Ubelgiji huuzwa huko kwa euro moja au chache. Za Kongo ndizo ghali zaidi, kwa sababu zinagombaniwa. Wakongo wa mtaa wa Matonge, Brussels, wanaishi mwendo mfupi kutoka soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle, linalofunguliwa kila siku, ambako masanduku ya kadi hutandazwa chini kwenye mawe. Mtu mmoja kati yao anayejua cha kutafuta anaweza, kwa bei ya chakula cha mchana, kununua kadi kumi na kuzileta mfukoni safari itakapowezekana. Na vita havijawahi kuwa sababu ya kuacha ushahidi. Ardhi inapogombaniwa ndipo karatasi za ardhi zinapohitajika.

Vipi basi kuhusu picha za kompyuta, ambazo mtu anaweza kuzitazama bure? Zitumike, na kila kadi inayofika hapa ipigwe picha pande zote mbili, nakala ikakae mbali na volkeno. Lakini nakala nyingi zilizopo zinaonesha uso tu, na kinachosomwa kwa kioo cha kukuzia hakisomeki kwenye skrini. Isitoshe, mwenye karatasi ndiye anayeamua maelezo yatakayoandikwa chini yake. Makumbusho ya Tervuren yalifunguliwa upya Desemba 2018 baada ya ukarabati mrefu na mjadala mkali juu ya maelezo hayo hayo. Ilikuwa hapo hapo Tervuren ambapo Wakongo 267 waliletwa kuoneshwa mwaka 1897, na saba kati yao wakafa na kuzikwa kando ya kanisa la kijiji. Kadi za jumba na bustani ya Tervuren ziko tele. Maelezo yake kwa Kiswahili tutayaandika wenyewe.

Utunzaji wake hapa una shida yake ya pekee. Volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi ya salfa kwa wingi, na gesi hiyo ikinywewa na karatasi huifanya kuwa na asidi, ikageuka rangi na kuvunjika pembeni. Unyevu wa ziwa unaongeza kuvu. Kadi isiwekwe kwenye plastiki laini yenye harufu, ile ya albamu za bei rahisi, kwa kuwa huyeyusha wino. Ikae kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi au ya poliesta, ndani ya sanduku linalofungika, juu ya rafu na si sakafuni. Stempu isibanduliwe hata kama kuna anayetaka kuinunua peke yake. Kalamu ya wino isiguse kadi kabisa. Jina la kasri, la mwenye kasri na la uhusiano wake na Kivu yaandikwe kwa penseli kwenye bahasha. Chuo Kikuu cha Goma na vyuo vingine vya mji vina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada za utafiti, na fungu la kadi mia moja, nusu za Kivu na nusu za makasri, lingewatosha kwa miaka. Waanze na Belœil, Westerlo, Laeken, Tervuren na Ardenne. Kwa zile za Kivu wawaketishe wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya Rutshuru na Masisi kabla ya 1960, wawaoneshe kadi moja moja, na majina ya watu ambayo mchapishaji wa Brussels hakuyaandika yaandikwe maadamu wanaowatambua bado wapo.